Dema la Mtaroni

Siku ya kuniaga mlininunulia soda na biskuti, mkanipa kanga na saa ya ukutani, na mkuu wa idara akasoma hotuba ndefu kwamba nimelitumikia taifa kwa moyo. Uvundo hakuutaja hata mara moja. Nikajua mtu huyu hajawahi kushuka mtaroni, maana aliyeshuka, hata kwa kuteleza, hawezi kuzungumza muda wote ule asiutaje. Basi vijana wangu wa mitaro ya Kilindoni, nawaandikia mwenyewe, Bi Tatu wenu, yale yaliyobaki nje ya hotuba. Vyeo na mishahara sitavigusa. Mshahara mnaujua, na cheo changu kikubwa kilikuwa kupewa koleo lenye mpini usiochubua.

Sababu nyingine ya kuandika ni kwamba tangu nistaafu, kila mvua ikinyesha mnanigongea mlango mkisema, "Bi Tatu, dema limejaa." Mgongo wangu umetoka kazini, dema langu halijatoka. Nitawaeleza lilivyoingia mtaroni, halafu mwishoni tutaelewana la kufanya.

Niliajiriwa miaka ile baada ya Azimio, wakati kila mkutano ulitaka wanawake nao wajenge nchi. Nilikuwa nimeachika, sina mtoto, nakaa kwa mama yangu mtaa wa Bondeni, naye mama akiishi kwa kupika vitumbua. Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Athumani, akaja kutangaza kuwa ofisi ya wilaya inatafuta watu wa usafi, wanawake wakiwemo. Mimi nikadhani ni kufagia ofisi. Nikavaa kanga mpya, nikapaka wanja, nikaenda. Bwana Afya, mtu wa bara, mrefu na mpole, aliutazama wanja wangu, akaitazama miguu yangu, akanikabidhi koleo na ndoo. Kabla ya adhuhuri wanja ulikuwa umeshuka kidevuni.

Mwalimu wangu wa kazi alikuwa Mzee Kombo, mzaliwa wa kisiwa jirani cha Juani, aliyevua kwa madema, mitego ya mianzi, mpaka viungo vyake vikayakataa maji ya bahari. Akahamia maji ya mtaroni, ambayo kwa maneno yake hayana chumvi ila yana kila kitu kingine. Alikuwa mkaidi, maneno yake machache, na aliweza kulala usingizi wa haki akiwa amesimama, kidevu juu ya mpini wa koleo. Nilipompa shikamoo aliitikia marahaba, kisha akaniambia nisipumue kwa pua mpaka nizoee. Akanifundisha kuchoma kwa fimbo kabla ya kutia mguu, maana kaa wa mtaroni hana haya. Akanifundisha kusimama upande maji yanakotoka, si yanakokwenda. Na taka nikishazitoa nisizirundike ukingoni, kwani mvua ijayo itazirudisha zilikokuwa. Hili la mwisho ninyi hamlifuati. Nawaona.

Mtaro wetu mkubwa ulianzia sokoni, ukapita nyuma ya karakana ya malori ya kopra, ukateremka Bondeni na kumwaga baharini. Kila ulipopita haukunyimwa kitu. Soko liliupa maganda, makopo na matumbo ya samaki. Karakana iliupa oili chafu. Mkuu wa karakana, Fundi Faraji, alipobadilisha oili ya lori aliimwaga mtaroni kwa roho safi kabisa, akisema mvua itaichukua. Mvua iliichukua kweli, ikatuletea sisi.

Pale Bondeni, karibu na ukingo wa mtaro, kilikuwapo kisima, na hakikuwapo kingine upande ule chenye maji baridi. Vilivyobaki vyote vilikuwa na chumvi. Mama alikuwa akisema unga wa vitumbua unayajua maji yake, na kwamba kwa maji mengine unanuna tu bakulini. Mtaro ukiziba, maji yalipanda ukingo, yakaingia kisimani, na ndoo ikatoka inang'aa rangi zisizo za maji. Masika moja watoto waliharisha mtaa mzima. Ndipo ikatoka amri kutoka juu: oili ikiingia tena, kisima kifukiwe kwa mawe. Bwana Afya alituletea habari hiyo kofia ikiwa mkononi, kama aliyekuja matangani. Mama alimjibu kwamba siku ya kukifukia wamuite mapema, na yeye aingie humo humo, isichimbwe kazi mara mbili. Alicheka aliposema, lakini jioni ile hakula. Toka hapo mimi sikuwa nafanya kazi ya ofisi tena, nilikuwa nakilinda kisima cha mama.

Bwana Afya aliijua kazi yake, nisimdhulumu. Alituchimbisha shimo pana ndani ya mtaro, juu kidogo ya Bondeni, maji yapunguze mwendo na mchanga utue. Mbele ya shimo akaweka wavu wa nondo uliochomelewa vizuri, uzuie taka. Uzuri wake ndio uliouponza. Ulikaa mpaka Ijumaa, tulipotoka kuswali haupo. Nilikuja kuukuta sokoni, juu ya makaa, unachoma pweza. Mchomaji akaapa kwamba ameuokota. Nikamwuliza ameuokota wapi, akasema njiani, tena wavu wenyewe ndio uliokuwa unamfuata. Bwana Afya alipoletwa ashuhudie, alinunua kipande cha pweza, akala, akasema angalau ameiva sawasawa pande zote. Siku hiyo ndiyo niliyompenda mtu yule. Wavu wa pili uligeuka dirisha la banda la kuku, na kuku wake hatukuwaonja.

Baada ya hapo Mzee Kombo alikuja kazini amejitwika dema lake la zamani, ule mtego wa mianzi iliyochanwa na kusukwa matundu, mdomo wake mpana ukizidi kuwa mwembamba kwa ndani ili kiingiacho kisijue pa kutokea. Alilishusha mtaroni, mdomo ukitazama maji yanakotoka, akalifunga kwa kamba kwenye vigingi, akanawa mikono, akalala. Bwana Afya akauliza, bila ubaya, hili nalo litaibwa lini.

Kombo alifungua jicho moja. "Hili haliguswi, Bwana Afya. Lina mwenyewe."

Ninyi mliozaliwa kwenye mabomba na nyavu za dukani huenda hamjui, kwa hiyo nawaambia. Kisiwani kwetu dema la mtu halinyanyuliwi na mtu mwingine, hata ulikute limetupwa na mawimbi, hata uwe na njaa. Kilichoingia ni cha mwenye dema. Mwizi wa kuku husamehewa, lakini anyanyuaye dema la mwenziwe hupewa jina, na wajukuu wake hulirithi. Wavu wa nondo ulikuwa wa umma, na cha umma kila mmoja alikiona chake. Dema lilikuwa la Kombo, likakaa.

Tena likafanya kazi. Likajaa makopo, vifuu, maganda, ndara, siku moja na kuku mzima aliyekufa kwa sababu zake. Kombo aliyahesabu yote kuwa mavuvi yake. Mvua ilipovisomba viatu vya ngozi vya sheikh mlangoni mwa msikiti, sheikh alikuja peku kuvidai. Kombo akamwuliza kwa adabu: samaki akishaingia demani, mtu aliyemwona kwanza huko baharini ana haki gani? Sheikh akacheka mpaka akashika ubavu, akakiri hana. Ndipo Kombo akamkabidhi viatu kwa jina la sadaka. Na wale wauza soko waliotupa taka mtaroni, Kombo aliwapitia asubuhi na ndoo yake, akiinua ganda moja moja mbele ya wateja na kuuliza ni la nani. Taka za sokoni zikapungua bila mkutano wa hadhara.

Oili ndiyo iliyotushinda, kwani ilipita katikati ya matundu. Siku moja nikamwona mama akifuta mafuta ya vitumbua mikononi kwa makumbi ya nazi, yale makavu aliyokuwa akisokotea kamba, na mikono ikatoka mikavu. Nikashindilia makumbi kwenye magunia, nikayafunga nyuma ya dema yaelee juu ya maji. Yakainywa oili vizuri sana. Yakishiba nilikuwa nayatoa, nayaanika, naweka mengine.

Sasa sikilizeni akili za watu wa Bondeni, na mimi ni wa huko huko. Makumbi yale yenye oili yaliwaka haraka kuliko kuni zote za kisiwa. Wanawake wakaanza kuyagombania. Kila asubuhi nilikuta shoga zangu wamenisubiri ukingoni, wananiita mwanangu, wananiita dada, hata aliyeninyima chumvi mwezi uliopita. Kumbe makumbi hayakuwatosha, na ujumbe wa akina mama ulikwenda karakana kimyakimya kumwomba Fundi Faraji amwage zaidi. Faraji ni mkarimu, akamwaga. Watu wale wale waliolia kisima kisifukiwe walikwenda kuomba oili iongezwe, na mmoja wao alikuwa mama yangu. Nilipojua, nilishindwa nikasirike au nicheke, nikafanya yote mawili kwa zamu.

Mambo yakiwa hivyo, Mzee Kombo akafiwa na ndugu yake. Alikwenda Juani kwa haraka, bila kumwachia mtu neno lolote. Bahari ikachafuka, vyombo havikuvuka, na mvua ya kwanza ya masika ikatukuta asubuhi bila yeye. Ilikuwa mvua ya kuziba masikio. Tulipofika mtaroni dema lilikuwa limejaa mpaka mdomoni, maji yamegota mbele yake, yamepanda ukingo yanateremkia kisimani, meusi, yanametameta oili ya ule ukarimu wa Faraji. Kule chini mama na wenzake walikuwa wanainua tuta la udongo kukizunguka kisima kwa mikono na sufuria. Tuta lilikuwa linayeyuka wanapolijenga.

Ukingoni walisimama watu tele na hakuna aliyesogea. Bwana Afya aliamuru dema litolewe. Wafanyakazi wenzangu, wanaume wenye vifua, wakatazama miguu yao. Akasema ni kikapu tu. Mvuvi mmoja wa dago, wale wanaohamia kambi za visiwani kwa msimu, aliyekimbilia mjini na wenzake kutoka kisiwa cha Shungimbili kwa ajili ya ile hali ya bahari, akamjibu kwa upole kwamba hata kwao, ng'ambo, kikapu cha namna hiyo hakinyanyuliwi. Mzee Athumani balozi ndiye aliyekuwa na fikra. Akapanda juu ya jiwe, akatueleza kwamba katika nchi ya ujamaa njia kuu za uchumi ni mali ya umma, kwa hiyo dema hili, likitazamwa vizuri, ni letu sote. Watu wakamwitikia vyema sana, wakampisha njia ashuke alinyanyue. Mzee Athumani akakumbuka mguu wake mbovu.

Niliogopa, sifichi. Mimi ni mtoto wa kisiwa hiki, na mkono wangu ulikuwa mzito kama wa kila mtu pale. Nilijua nikiligusa nitaitwa nini, na sikujua mama atauza vitumbua kwa nani. Halafu nikasikia sauti yake kule chini, haiiti mtu, inasema tu, "Yanafika, jamani, yanafika."

Nikashuka. Maji yalinifika kiunoni. Nikakata kamba, nikaingiza mikono chini ya dema, nikavuta, likakataa. Nikamsikia mtu anaruka nyuma yangu. Ni Bwana Afya, na viatu vyake vya ofisini na soksi. Tukalipandisha pamoja mpaka ukingoni, likatema uchafu wake wote miguuni pa watu, na mtaro ukanguruma, maji yakashuka. Nikarudi kuweka magunia ya makumbi makavu, matatu kwa mpigo, ili yameze oili iliyobaki. Kule kisimani maji meusi yaligusa tuta, yakalilamba, yakarudi. Bwana Afya alitumbukiza leso yake nyeupe kisimani mbele ya wote. Ikatoka imelowa, nyeupe vile vile. Wanawake wakapiga vigelegele, na mama akakaa chini kwenye tope akafunika uso kwa kanga.

Vigelegele vilipokwisha nilipanda juu, na watu wakanipisha kama anavyopishwa mtu mwenye ndui. Mama ndiye aliyesema kwa sauti.

"Tatu. Umenyanyua dema la mtu."

"Ndiyo, mama."

"Basi kilichomo kisipotee hata kifuu."

Nikaelewa. Nikayazoa yote kwenye gunia, makopo, maganda, matumbo, na ndara za watu, nikalibeba mpaka nyumbani nikaliweka mlangoni limngoje mwenyewe. Kama kuna jambo lililowaudhi majirani kuliko kunyanyua kwangu dema, ni lile gunia lilivyonuka. Lakini nani angeniambia nilitupe? Lilikuwa la Kombo. Wakajifunga vitambaa puani.

Bwana Afya, kwa kuwa ni mtu wa bara, hakupewa jina, wakasema mgeni hajui. Jina lote nikabaki nalo mimi: Bi Opoa. Waliokula vitumbua vya mama kila siku wakawa wanapita mbali. Kwenye harusi nilipokaa mkekani mkeka ulinibakia mwenyewe. Maji ya kisima waliyateka, lakini mimi nikija kuteka walinisubiri nimalize. Iliniuma sana, na nilipofika nyumbani nililia kwa sauti ndogo ili mama asijue, naye alikuwa akilia chumba cha pili kwa sababu hiyo hiyo.

Bahari ilipotulia Mzee Kombo akarudi. Alikuwa ameshaambiwa tangu anashuka chomboni, tena na watu zaidi ya mmoja, kila mtu na chumvi yake. Akaja moja kwa moja kwetu, na mtaa mzima ukawa na shughuli za nje. Nilimpa shikamoo na pole ya msiba. Akaitikia, akaomba gunia lake. Akalimwaga pale mlangoni, akachuchumaa, akaanza kuyachambua kama mvuvi achambuavyo samaki, makopo huku, vifuu huku, ndara huku, taratibu, huku watu wakishika pua.

"Kimepungua nini?" akaniuliza.

"Hakijapungua kitu, Mzee Kombo."

"Kuku?"

"Safari hii hakuingia."

Akayarudisha yote gunini, akalitia begani, akaenda zake bila kunitukana wala kunisamehe. Nikaona bora angenitukana.

Siku chache hakuonekana kazini. Bwana Afya alidhani bado ana msiba. Asubuhi moja nikamwona anateremka njia ya Bondeni, na kichwani amebeba dema jipya, mianzi bado ya kijani. Hakunipitia. Alikwenda mtaroni, akaliondoa lake kuukuu pale ukingoni tulipoliacha, mbele ya wote waliokuwa wanateka maji, akatega lile jipya, akafunga kamba. Kisha akaniita kwa jina langu la kuzaliwa, jina la baba pia, sauti ya adhana.

"Tatu binti Shomari, hili dema lako. Nimekusukia. Ukilinyanyua unanyanyua lako, na atakayeligusa mwingine, jina alilopewa huyu nitampa yeye mwenyewe kwa kinywa changu."

Halafu akaegemea koleo akalala, au alijifanya. Nililia pale pale, mbele za watu, sikuona haya. Jioni mama aliishiwa unga wa vitumbua.

Kwa upande wa Fundi Faraji, mama alimmaliza mwenyewe. Alikwenda karakana na wale wale wenziwe wa ujumbe, kila mmoja na gunia la makumbi, wakamweleza kwamba oili yake ni bidhaa ya thamani mno kumwagwa ovyo, aiweke ndani ya pipa nao watakuja kuchovya. Mtu tuliyemsihi miaka kwa ajili ya afya ya watoto asisikie, aliposikia oili inatakiwa aliitafutia pipa, pipa akalitia kifuniko, kifuniko akakitia kufuli. Haikumwagwa tena. Mnaotaka kuusafisha mji huu, msidharau choyo cha watu.

Bwana Afya alihamishwa baadaye, akaondoka na leso ile. Mzee Kombo alinifundisha kusuka dema mvua zikituweka bandani, akinisahihisha macho yakiwa yamefumba, na Mungu alipomchukua nikawa nalisuka langu upya kila lilipooza. Limebadilika mianzi, halijabadilika mwenyewe. Kisima kipo. Mama hayupo, maji yake ni matamu vile vile.

Sasa turudi kwenu mnaonigongea. Juzi nilimwambia Salma, kiongozi wenu mpya, kwamba nawapa ruhusa mlinyanyue bila mimi. Akanijibu, "Ruhusa ya leo, Bi Tatu, na kesho je? Na ukitutoka je?" Yuko sawa, na amenikera kwa kuwa sawa. Basi nimekaa barazani nikasuka, vidole vinauma, na dema lenu liko tayari limeegemea ukuta. Njooni mlichukue kabla ya masika. Salma alitege mchana, mbele za watu, nami nitamwita jina lake na la baba yake ili mtaa mzima usikie.

Langu kuukuu mniletee nyumbani, na kilichomo msikitupe, ni changu. Ikiwemo ndara nyekundu ya mguu wa kulia, iangalieni vizuri. Ya kushoto ninayo tangu masika iliyopita.